Kuangamizwa Mwili na Roho

SABATO MCHANA

Soma kwa ajili ya juma hili: Mathayo 10:24-42, Luka 12:4, 5, 47, 48, Isaya 34:8-10, 66:22-24, Malaki 4:1-3, 2 Petro 2:6, Yuda 7, Ufunuo 14:9-11, 20:7-15.

Fungu la kukariri: Mathayo 10:28.

Wavuvi wa dagaa wa Kigoma hutoka jioni wakati wa giza la mwezi, na ukisimama Ujiji usiku taa zao huonekana kama mji mwingine juu ya maji. Asubuhi hurudi mwaloni. Fikiria mama mmoja wa Ujiji ambaye, asubuhi moja ya msimu wa kusi, mtumbwi wa mwanawe haukurudi. Wenzake walitafuta siku mbili, wakapata pipa la mafuta na kasia. Mwili haukuonekana.

Siku ya tatu ya msiba, mtu mmoja mwenye heshima, msomaji wa Biblia wa kanisa jingine, anamwambia: “Pole sana, mama. Lakini tusidanganyane. Kijana alikuwa hajaokoka, na hivi tunavyozungumza yuko motoni.” Muadventista aliyeketi karibu anaingilia kwa haraka: “Hapana, mama, usimsikilize. Hakuna moto wowote. Amelala tu.”

Wa kwanza amesema asichokijua. Wa pili amesema nusu ya anachokijua, na nusu aliyoiacha ndiyo nzito, kwa maana Biblia inasema kwamba moto upo. Swali la juma hili ni moto huo unafanya nini kwa wale watakaotupwa ndani yake, na Yesu alikuwa na maana gani aliposema kwamba Mungu aweza kuangamiza mwili na roho pia.

JUMAPILI
Roho au nafsi?

Soma Mathayo 10:28 na 10:39, ukitumia Biblia ya tafsiri ya Union. Je, neno “roho” la fungu la 28 na neno “nafsi” la fungu la 39 ni vitu viwili tofauti?

Msomaji wa Kiswahili atajibu ndiyo, wala hana kosa, maana hivyo ndivyo anavyoona kwenye ukurasa. Lakini Mathayo aliandika neno moja tu mahali pote pawili, neno la Kiyunani psuke. Watafsiri waliliita roho katika fungu la 28, na mistari kumi na mmoja baadaye wakaliita nafsi. Hawakufanya hila. Psuke lina upana, na mtafsiri hana budi kuchagua. Lakini uchaguzi huo umetuzalia mabishano mengi, kwa sababu neno roho katika Biblia yetu pia hubeba neno jingine kabisa, pneuma, yaani pumzi au roho, na ndilo linalotumika kwa Roho Mtakatifu.

Basi mtu anaposikia “kuiua roho”, anawaza kitu chepesi kilicho ndani ya mwili, kisichoweza kufa, kinachotoka mtu anapokata pumzi na kuendelea kuishi mahali pengine. Yesu alizungumza kama Myahudi aliyeijua Mwanzo 2:7, ambapo mavumbi na pumzi ya Mungu vinakutana na mtu anakuwa nafsi hai. Mtu hapewi nafsi kama anavyopewa shati. Yeye mwenyewe ni nafsi. Ezekieli 18:4 inasema kwamba nafsi itendayo dhambi itakufa (hapo pia Union imeandika roho). Na Paulo anamwambia Timotheo kwamba Mungu peke yake ndiye asiyepatikana na mauti (1 Timotheo 6:16).

Hata hivyo, tusivuke haraka. Ndugu wa makanisa mengine wana hoja katika nusu ya kwanza ya fungu hili, nayo yafaa isikilizwe. Wanauliza: kama wanadamu wanaweza kuua mwili wasiweze kuiua roho, je, si wazi kwamba roho hubaki hai mwili unapokufa? Jibu liko katika sura yenyewe. Yesu anawatuma wanafunzi kwenye mateso. Anawaambia kwamba muuaji anaweza kuwanyang’anya maisha ya sasa, lakini hawezi kugusa uhai wao ulio mkononi mwa Mungu, ambao Mungu ataurudisha siku ya ufufuo. Ndiyo maana fungu la 39 linasema kwamba anayeipoteza nafsi kwa ajili yake ataiona. Na nusu ya pili ya fungu la 28 inaifunga njia ya kuligeuza fungu hili kuwa ushahidi wa roho isiyokufa, kwa sababu inasema kwamba yuko mmoja awezaye kuiangamiza.

JUMATATU
Kupotea na kuangamia

Hapa ndipo mjadala wenyewe ulipo. Neno la Kiyunani lililotafsiriwa “kuangamiza” ni apolumi, na wale wanaofundisha mateso yasiyo na mwisho wanasema kwamba neno hilo halimaanishi kumaliza kitu kisiwepo. Mifano yao ni ya kweli, na mwalimu wa darasa asijifanye haipo. Kondoo waliopotea wa Mathayo 10:6 ni apolumi, na kondoo hao walikuwa hai. Viriba vinavyoharibika katika Mathayo 9:17 ni apolumi, na ngozi bado inaonekana. Shilingi ya yule mwanamke katika Luka 15 ni apolumi, na ilikuwa sakafuni muda wote. Mwana mpotevu naye ni apolumi, akarudi nyumbani. Basi, wanasema, roho iliyoangamizwa ni roho iliyoharibika na kutengwa na Mungu, ila ingalipo na inahisi. Wanaongeza jambo jingine: katika fungu letu Yesu alitumia kitenzi “kuua” kwa wanadamu, kisha akakiacha na kuchukua “kuangamiza” kwa Mungu. Kwa nini abadili, kama alimaanisha kuua?

Watu wa Kigoma wana mfano wa kupimia hoja hii. Meli ya Liemba ililetwa na Wajerumani vipande vipande, ikaunganishwa Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Mwezi wa Julai 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha ili adui asiichukue, lakini kwanza waliipaka mitambo grisi, wakitumaini kuiibua siku moja. Waingereza waliiinua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba. Kwa miaka ile minane meli ilikuwa imepotea, ila ilikuwapo. Huo ni upotevu wa shilingi na kondoo. Sasa chukua mtumbwi wa mbao uliozeeka, ukapasuliwa kuwa kuni za kukaushia samaki. Huo nao umepotea, lakini hakuna mpiga mbizi atakayeuibua.

Kiswahili chenyewe kinatufundisha kwamba neno moja hubeba maana zote mbili. Tunasema “nimepotea njia”, na tunasema “wamepotea ziwani”, na kila msikiaji anajua tofauti. Maana huamuliwa na mazingira ya sentensi. Basi tuulize: Mathayo anapotumia apolumi kwa mtu anayemtenda mtu mwingine, anamaanisha nini?

Soma Mathayo 2:13; 12:14; 26:52; 27:20. Katika kila fungu, anayetaka kuangamiza anakusudia kumfanyia nini anayeangamizwa?

Herode hakumtafuta mtoto ili amharibie tabia. Mafarisayo hawakufanya shauri la kumtenga Yesu akiwa hai. Makutano walioombeshwa Baraba walitaka Yesu afe. Na wanafunzi waliopiga kelele katika Mathayo 8:25 kwamba wanaangamia walikuwa ndani ya chombo kilichojaa mawimbi; mvuvi yeyote wa Katonga anajua walichokuwa wakikiogopa. Katika Injili hii, apolumi baina ya mtendaji na mtendwa ni kuua. Kama Yesu alibadili kitenzi, alikwenda kwenye neno zito zaidi, kwa kuwa kuua kwa mwanadamu kunaachia mlango wa ufufuo, na kuangamiza kwa Mungu katika jehanamu hakuachi mlango wowote. Mauti hiyo ndiyo Yohana aliyoiita ya pili.

Yohana 3:16 nayo imo katika hesabu hii. “Asipotee” ya fungu hilo ni apolumi ile ile, na imewekwa kinyume cha uzima wa milele. Kama waliopotea nao wanaishi milele, ijapokuwa kwa taabu, kinyume hicho kinakosa nguvu.

JUMANNE
Kuzimu, jehanamu, ziwa la moto

Kiswahili kina majina kadhaa ya mahali pa wafu, na kila moja limekuja na mzigo wake. Kuzimu ni neno la Kibantu, ndugu wa mizimu, na babu zetu walilitumia kwa makao ya waliotangulia. Union ililichukua kwa ajili ya Sheoli ya Kiebrania na Hadesi ya Kiyunani, yaani kaburi. Neno jehanamu lilitufikia kwa Kiarabu, na majirani zetu Waislamu wa Ujiji wanalijua tangu utotoni. Asili yake ni Kiebrania: bonde la mwana wa Hinomu, kusini mwa Yerusalemu.

Soma Yeremia 7:31-33. Nabii alisema bonde hilo litajaa nini?

Litajaa maiti. Wazazi walikuwa wamewachoma watoto wao humo kama sadaka, na Mungu akasema bonde lile litaitwa bonde la machinjo, na ndege watakula mizoga. Myahudi aliyesikia neno jehanamu alisikia hukumu na maiti. (Walimu wengi husimulia kwamba bonde hilo lilikuwa jaa la taka lililowaka mchana na usiku wakati wa Yesu. Maelezo hayo yaliandikwa karne nyingi baada ya Kristo. Afadhali kumtegemea Yeremia.)

Kuhusu ziwa la moto la Ufunuo, jambo moja linatosha leo. Ufunuo 20:14 inasema kwamba mauti na kuzimu vinatupwa humo. Mauti haiwezi kuteswa. Inatupwa humo ili isiwepo tena.

JUMATANO
Moto usiozimika

Soma Yeremia 17:27 pamoja na 2 Nyakati 36:19. Soma tena Yuda 7 pamoja na 2 Petro 2:6. Je, moto wa Yerusalemu na moto wa Sodoma unawaka leo?

Moto usiozimika ni moto ambao hakuna awezaye kuuzima kabla haujamaliza kazi yake. Maofisa wa uvuvi wanapochoma nyavu haramu ufukoni, hakuna mvuvi atakayethubutu kumwaga ndoo ya maji. Moto hauzimwi, unakwisha wenyewe, na kinachobaki ni majivu. Malaki 4:1-3 inasema hivyo hivyo juu ya waovu, na inatumia neno lilo hilo, majivu. Sodoma iliadhibiwa kwa moto wa milele, asema Yuda. Na Petro anasema miji hiyo ilifanywa majivu iwe mfano kwa watakaoishi bila kumcha Mungu.

Funza asiyekufa wa Marko 9:48 anatoka Isaya 66:24, na hapo nabii anataja wanaoliwa na funza kwa jina: ni mizoga. Hawasikii kitu.

Fungu lenye nguvu zaidi upande wa pili ni Mathayo 25:46. Augustino wa Hippo, katika kitabu chake Mji wa Mungu, alitoa hoja ambayo imerudiwa kwa miaka elfu moja na mia sita: kama uzima ni wa milele, na adhabu ni ya milele, basi zote mbili zinadumu sawasawa. Hoja ni ya haki, na jibu letu lisiwe kupunguza urefu wa neno milele. Adhabu ni ya milele kweli. Swali ni adhabu yenyewe ni nini, na Paulo anaitaja: mshahara wa dhambi ni mauti (Warumi 6:23). Waebrania 9:12 yasema juu ya ukombozi wa milele, na hatudhani kwamba Kristo anakomboa bila kumaliza; alikomboa mara moja, na matokeo hayaondoki. Hukumu ya milele ya Waebrania 6:2 ni vivyo hivyo. Mauti isiyo na ufufuo baada yake ni adhabu ya milele.

ALHAMISI
Fungu gumu na swali gumu

Soma Ufunuo 20:7-15 na Isaya 34:8-10.

Ufunuo 20:10 inasema kwamba Ibilisi atateswa mchana na usiku hata milele na milele. Anayesema fungu hili halina ugumu hajalisoma polepole. Waadventista hulijibu kwa kutazama mambo mawili. Kwanza, Yohana anaandika kwa lugha ya manabii. Isaya alisema moshi wa Edomu utapaa milele, na Edomu haitoi moshi leo. Maana yake ni kwamba hukumu yake haikutenguliwa. Pili, fungu lililotangulia linasema moto ulishuka na kuwala wale waliouzingira mji, na fungu la 14 linatoa tafsiri ya ziwa lile kuwa ni mauti ya pili. Tunaruhusu mafungu yaliyo wazi yatuongoze katika lile lililojaa mifano. Ndugu wa upande wa pili hufanya kinyume: wanaanza na 20:10 na kuyapima mengine kwa hilo. Mwalimu awaeleze wanafunzi kwamba tofauti iko hapo, katika fungu gani litangulie, wala asiwaambie kwamba wenzetu hawaisomi Biblia.

Sasa swali gumu la pili, nalo hutoka kwa vijana wetu wenyewe. Kijana husema: “Kama mwisho ni kufa tu, kuna hasara gani? Ng’ombe naye hufa.” Kuna wazee wanaoogopa swali hili kiasi cha kutamani tungefundisha kama wengine, ili vijana waogope. Kwanza, Yesu hakusema hakuna mateso. Luka 12:47, 48 inasema kuna atakayepigwa sana na atakayepigwa kidogo. Kila mmoja atasimama mbele ya kitabu kilichofunguliwa na kuona alichokikataa. Pili, Bwana mwenyewe hakukichukulia kikombe kile kuwa jambo dogo. Alipokuwa Gethsemane alitokwa na jasho kama matone ya damu. Aliona kutengwa na Baba, na giza la mauti ambayo mwenye dhambi anastahili. Aliyeupenda uhai kuliko sote ndiye aliyeiogopa mauti hiyo kuliko sote. Kijana anayesema “kufa tu” hajapenda kitu bado.

Rudi kwa mama wa Ujiji. Unaweza kumwambia nini kwa ukweli? Kwamba mwanawe hayuko motoni sasa. Wafu hawajui neno lo lote (Mhubiri 9:5), na hukumu haijafika. Kwamba Ziwa Tanganyika, lenye kina cha karibu mita 1,470, haliwezi kumficha asionekane na Mungu, kwa maana Ufunuo 20:13 inasema bahari itawatoa wafu waliomo. Kuhusu upande atakaosimama siku hiyo, hakuna aliyeketi kwenye mkeka wa msiba anayejua. Kijana alipita kanisani mara ngapi? Alisema nini na Mungu mtumbwi ulipojaa maji? Mwizi msalabani alikuwa na dakika chache. Mama asipewe hukumu ambayo haijatolewa, iwe ya moto wala ya pepo.

Kisha mwache alie, umletee uji.

IJUMAA
Kwa kujifunza zaidi

Mjadala huu ni wa zamani, nao haukuanza na Waadventista. Arnobio, mwandishi Mkristo wa Afrika ya Kaskazini karibu mwaka 300, aliandika kwamba waovu mwishowe huangamizwa kabisa. Karne moja baadaye Augustino, mtu wa Afrika hiyo hiyo, alifundisha kinyume, na Augustino ndiye aliyesikilizwa.

Wamisionari wa London Missionary Society walipofika Ujiji mwaka 1878, na Mapadre Weupe mwaka 1879, mafundisho ya kawaida ya makanisa yao yalikuwa moto usio na mwisho, ingawa mengine mengi waliyatofautiana. Lakini katika makanisa yale yale ya Kongregeshini yaliyoitegemeza jumuiya ya London, mchungaji Edward White alikuwa amechapisha tangu 1846 kitabu cha kufundisha kwamba kutokufa ni zawadi ipatikanayo katika Kristo peke yake. Huko Marekani, George Storrs, aliyekuwa mhubiri wa Methodisti, alihubiri jambo hilo hilo mwaka 1842, na kupitia kwake likawafikia waliongojea marejeo ya Bwana. Ndiyo njia lililotufikia sisi.

Katika siku za karibu, John Stott, Mwanglikana ambaye vitabu vyake vinasomwa sana Afrika Mashariki, alisema mwaka 1988, kwa tahadhari, kwamba anaona Maandiko yanaelekea upande wa kuangamizwa. J. I. Packer, Mwanglikana mwenzake, alimpinga. Mwaka 2000 taarifa ya Evangelical Alliance ya Uingereza ilikubali kwamba maoni haya yanashikwa na wainjili wachache lakini wa kuhesabika. Basi unapozungumza na jirani wa Anglikana au Pentekoste mtaani Mwanga au Gungu, usidhani kwamba unabishana na kanisa lake lote. Soma pia yale Ellen White aliyoandika katika Pambano Kuu juu ya uongo wa kwanza wa Edeni, kwamba hakika hamtakufa.

Maswali ya kujadili:

1. Gawa darasa pande mbili. Upande mmoja utetee kwa nguvu zote kwamba apolumi ni kuharibika bila kuisha, ukitumia Luka 15 na Mathayo 9:17. Upande wa pili ujibu. Ni hoja gani ya upande wa pili iliyokuwa ngumu zaidi kujibu?

2. Yule Muadventista kwenye msiba alikosea wapi? Kama ungekuwa umeketi pale, ungenyamaza, au ungesema nini, na kwa nani kwanza: kwa mama, au kwa yule msomaji wa Biblia?

3. Je, yuko mtu katika kundi lenu aliyemfuata Kristo kwa kuogopa moto tu? Mnaweza kumsaidiaje bila kumdharau?

4. Soma Ezekieli 33:11. Mungu asiyefurahia kufa kwake mwovu anaiangamizaje nafsi aliyoiumba kwa mkono wake? Jadilini bila haraka. Msipofika mwisho leo, mwendelee Sabato ijayo.